Kabeljou Mmoja wa Mahari

Katutura,
Windhoek.

Kwa Mzee Josef Gawiseb,
Henties Bay.

Mheshimiwa Mzee wangu (waliokuzoea wanakuita Oom Josef, mimi bado sijapewa ruhusa),

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA SHARTI LA SAMAKI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa barazani na darubini yako, ukungu ukiwa umeshapanda. Mimi pia ni mzima, isipokuwa bega la kulia, kidole gumba cha kushoto na heshima yangu, ambavyo vyote viliumia katika shughuli nitakayoieleza hapo chini.

Mzee wangu, sikuandikii kwa hasira. Hasira niliimaliza barabarani kati ya Usakos na Karibib, nikiwa peke yangu garini na madirisha nimefunga. Nakuandikia kwa sababu mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi yangu ni kuingia madukani kuangalia kama kilo ni kilo kweli na mita ni mita, na mtu wa kazi hiyo akiona jambo limepinda hapati usingizi. Sharti lako limepinda. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujamsomea mama kwa ile sauti yako ya kuniigiza, ambayo nimeshasimuliwa.

Nianze na yale yasiyobishaniwa. Mimi, Kavezeri Tjikuua, nataka kumwoa binti yako Elfriede, na yeye anataka kuolewa na mimi, jambo ambalo ameliandika kwa mkono wake pembeni mwa ukurasa huu ili usidhani nimelizua. Mwezi wa pili wazee wangu walifunga safari kutoka Ovitoto hadi kwako, wanaume na kofia zao, akina mama na magauni yao makubwa na vilemba vyenye umbo la pembe za ng'ombe, ukungu ukawalowesha wote bila ubaguzi. Wakakutajia ng'ombe. Si ng'ombe wa maneno, ni ng'ombe wenye majina na mama zao. Ukawapa chai na keki, kisha ukasema, nanukuu mbele ya mashahidi: "Ng'ombe nitawafunga wapi jamani? Kwenye mchanga? Wale nini, chumvi? Mwambieni huyo kijana aniletee kabeljou mmoja. Wa kuvua mwenyewe, miguu yake ikiwa mchangani. Si wa boti, si wa dukani. Hapo tutakaa tuongee."

Msafara wangu ulirudi na nguo bado mbichi. Baba yangu mkubwa Kaveto, ambaye ndiye mtunza moto wa ukoo wetu, na kwetu ukishamtaja yeye umetutaja wote, alisema neno moja tu: "Samaki?" Alipofika nyumbani akavua kofia, akakaa, akalisema tena.

Hata hivyo nilitii. Nilikata kibali halali cha kuvua, nikaanza. Yafuatayo ndiyo niliyoyakuta.

1. Samaki haonekani.

Sisi ni watu wa mifugo. Ukimtaka ng'ombe unakwenda, unamwona, unamzunguka, unamwangalia meno na kwato, unauliza mama yake alikuwa nani. Samaki unaambiwa yumo. Nani kasema yumo? Siku ya kwanza nilisimama pale tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama, maji yamenifika magotini, baridi imenifika kwenye meno, nikimvua kiumbe ambaye huenda siku hiyo alikuwa Angola kwa shughuli zake. Mfanyabiashara akiniambia bidhaa ipo ila haionekani, mimi humfungia duka.

2. Vifaa.

Niliuziwa mwanzi wa kuvulia mrefu kuliko sebule yangu. Ninaishi gorofa ya tatu. Mwanzi haukuingia kwenye lifti, haukukata kona ya ngazi, ikabidi upandishwe kwa kamba kupitia roshani, majirani wote wakitoa maelekezo yanayopingana. Muuzaji alinishauri nijifunze kurusha nikiwa mjini, mahali penye nafasi, ili nisije kuaibika ufukweni. Nikashuka uwanja wa kuegeshea magari. Nilirusha. Mzee wangu, nataka ieleweke kwamba urushaji wenyewe ulikuwa mzuri sana. Chubwi, lile risasi la mwisho wa uzi, lilipaa, likavuka magari yote, likashukia kwenye kamba ya nguo ya jirani yangu Mama Ndapewa. Nikakunja uzi taratibu kama nilivyofundishwa, na gauni lake la kwaya likaja, linaburuzika kwenye lami, mkono mmoja umeinuka kana kwamba linaaga.

"Kavezeri!" alipiga kelele kutoka dirishani. "Ukizitaka nguo zangu si useme tu, nitakufulia na zako!"

Binti yako alikuwepo. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile jengo zima linaniita Mvuvi wa Magauni, na mlinzi wa getini, kila nikitoka na mwanzi, ananiuliza leo nakwenda kuvua sketi au blauzi.

3. Chambo.

Muuzaji yuleyule aliniuzia boksi la sadini walioganda, akasema, "Hawa ndio wanaopendwa kule." Hakusema wanapendwa na nani. Nilipofika ufukweni nikakuta watu wamewasha moto ubavuni mwa magari yao, nyama iko juu ya wavu. Kwetu mtu hausogelei moto wa wenzake mikono mitupu. Nikawachoma wale sadini wote kwa ndimu na pilipili, nikawagawia majirani wa kushoto na wa kulia. Wakala. Wakasifu. Mmoja aliomba chumvi, mwingine akauliza kama nimeoa.

Walipomaliza, Tannie Magrieta, unayemfahamu, yule mama wa kofia ya sufu anayekalia ndoo, alijifuta midomo akaniuliza: "Watamu kweli, mwanangu. Sasa wewe utavulia nini?"

Nikamwuliza yeye anavulia nini. Akafungua kasha lake akanionyesha sadini.

Mzee wangu, watu wale walijua. Walikula chambo changu wakijua ni chambo changu, na wakaniachia nioshe wavu. Nimelitafakari jambo hili kwa kina na nimeona kwamba ni wizi wa aina mpya, ambao mwenye mali ndiye anayepakua.

4. Mchanga.

Gari langu lilizama hadi milangoni. Nililisukuma, nikalichimbia, nikalibembeleza. Tannie Magrieta alikuja na ndoo yake, akakaa, akanitazama nikihangaika kama mtu aliyelipia kiingilio. Mwisho akasema, "Punguza upepo kwenye matairi, mwanangu. Mchanga hauwapendi walioshiba." Kwa nini hakusema mapema? "Ulikuwa na juhudi nzuri, sikutaka kukukatisha tamaa." Sina la kuongeza hapa.

5. Lugha ya ufukweni.

Kumbe samaki wakija, watu husimama bega kwa bega, na mshipi wa mtu haupaswi kukatiza wa mwenzake. Mimi sikuambiwa. Siku wanakuja, wangu ulikatiza yote. Tulifungana kuanzia kwa Tannie Magrieta hadi kwa wale vijana wenye pikapu nyekundu, tukawa kitu kimoja kama familia. Nikayasikia mengi. "We wa Windhoek, bahari yote hii, kwa nini unaitaka ya kwangu?" "Shusha mkono! Shusha! Unafukuza nzi?" "Huyu ametumwa na samaki wenyewe!" Nikaomba radhi kwa kila mmoja, kwa jina pale nilipolijua. Wakati naomba radhi, samaki walipita.

6. Kipimo.

Hapa, Mzee wangu, ndipo naanza kuumia.

Mwezi uliopita nilimpata. Mwanzi uliinama, nikadhani nimenasa mwani tena, halafu ule mwani ukanivuta. Nilipiga kelele. Nililiita jina la marehemu mama yangu. Tannie Magrieta aliacha mwanzi wake akaja mbio na ndoo mkononi, akifoka, "Usimvute! Mwache akimbie! Mwache, amesema nani umvute?" Samaki akatoka majini. Kabeljou, rangi ya fedha, anang'aa, na nikagundua nalia, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Tukamlaza kwenye kipimo cha urefu ulioandikwa kwenye kibali; aliye chini yake sharti arudishwe majini. Alipungua upana wa kidole.

"Mbane mkia hivi," alisema Tannie Magrieta akitazama upande mwingine. "Anafika. Nani anaona?"

"Mimi," nikasema.

Maana mimi ni nani? Nimewafungia watu maduka kwa upungufu mdogo kuliko ule. Nikaingia naye majini hadi kiunoni, nikamshika mpaka alipopata nguvu, nikamwachia. Tannie Magrieta alinimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, na wewe unajua hampi mtu kikombe kile.

Sasa, Elfriede ameniambia siku ile anga ilikuwa safi na wewe ulikuwa barazani na darubini, na ukaona kila kitu. Kama uliona, kwa nini hukumhesabu?

7. Samaki kamili.

Jumamosi iliyopita, asubuhi na mapema, ukungu mzito hata ncha ya mwanzi wangu siioni, nilimpata mwingine. Huyu hakuhitaji kubanwa mkia. Alikizidi kipimo kwa mbali, na Tannie Magrieta alimpima mara mbili kwa wivu. Nilikuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwako.

Najua unauliza kwa nini basi hukumwona. Nakuomba ulipokee jibu langu kama mtu mzima mwenye mila zake.

Kwetu maziwa ya asubuhi hayaingii kinywani mwa mtu yeyote kabla mtunza moto hajayaonja. Nakubali kwamba sheria hiyo inasema maziwa, haisemi samaki. Lakini nilisimama pale na kile kiumbe mikononi nikajiuliza: hiki ndicho kitu cha kwanza kutoka katika riziki mpya iliyoingia kwenye ukoo wetu. Nikipeleke kwa wakwe kabla mtunza moto wetu hajakigusa? Ingekuwa sawa na kusema moto wa kwetu umezimika. Nikamlaza kwenye barafu, nikaondoka. Nilipita mbele ya lango lako, nikapunguza mwendo, nikapiga honi kwa heshima, nikaelekea Ovitoto.

Baba Kaveto alikitazama kile kitu kwa muda mrefu. "Kinaniangalia," alisema. Kisha: "Kinakamuliwa wapi?" Nikamweleza kwamba hakikamuliwi, kinachomwa, na kwamba anachotakiwa ni kuonja tu ili nikirudishe Henties kabla barafu haijayeyuka. Nikachoma. Akaonja mgongoni. Akaonja karibu na kichwa.

"Mtunza moto haonji upande mmoja," alisema.

Mama mkubwa alimwonya: "Kaveto, basi, hiyo ni ya wakwe wa mtoto!"

"Subiri, mama nanihii. Bado sijaelewa."

Aliendelea mpaka akaelewa. Halafu akafunika sahani kwa kofia yake, akaniuliza vitu hivyo huzaa mara ngapi kwa mwaka.

Nilipokupigia simu kukueleza, ulimwachia Elfriede, aliyekuwa kwako, anijibu hivi: "Kwenye ukungu hata mimi nimewahi kuvua nyangumi." Mzee wangu, kauli hiyo ilinichoma. Ndiyo maana nimeambatanisha mfupa wa mgongo. Upime. Usisahau kuongeza kichwa, ambacho Baba Kaveto amekataa kukitoa.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba yafuatayo, na ukilikataa la kwanza basi ulitazame linalofuata.

Kwanza, sharti lifutwe, ng'ombe wapokelewe, na kuhusu mchanga, wazee wangu wako tayari kukutunzia ng'ombe wako hukohuko Ovitoto, uwe unakuja kuwasalimia.

Ikishindikana, samaki wangu wawili wajumlishwe, yule aliyepungua na huyu aliyeliwa. Nimepiga hesabu kitaalamu, na wote wawili kwa pamoja wanazidi kabeljou mmoja wa haki.

Hilo nalo likishindikana, basi tuwe sawa. Mimi nitoe samaki kwenye bahari yako, na wewe utoe maziwa kwenye zizi letu. Kuna ng'ombe anaitwa Mjane. Anapiga teke, halafu anageuka kuangalia kama limempata mtu. Uje umkamue mbele ya mashahidi, ndoo ijae, miguu yako ikiwa kwenye samadi. Si maziwa ya pakiti, si ya dukani. Mpaka siku hiyo Elfriede akae kwetu kama dhamana.

Na kama hata hilo hulitaki, basi iandikwe rasmi kwamba bahari imekataa kumhudumia mwombaji mwenye kibali, kwamba bahari ndiyo inayozuia ndoa hii na si mimi wala wewe, na iwajibike yenyewe kwa binti yako. Elfriede gauni lake limeshashonwa. Linaning'inia nyuma ya mlango, na wiki iliyopita alinikuta nalitazama, akasema, "Kave, na hili nalo utalivua? Au unataka nilivae nikiwa na mvi?" Alikuwa anacheka, lakini hakucheka mpaka mwisho.

Nampenda, Mzee wangu. Kila kitu kwenye barua hii nimekipa namba, hili limenishinda.

Nisalimie mama na umwambie keki yake bado inasifiwa Ovitoto, ingawa wanaisifu kwa sauti ya chini. Wasalimie wale vijana wa pikapu nyekundu. Msalimie Tannie Magrieta, na wote waliokula sadini wangu, kila mmoja kwa kadiri alivyokula.

Ndimi mwanao, kama ukikubali, na kama hukubali basi ndimi mkaguzi wako,

Kavezeri Tjikuua

Kiambatisho: mfupa wa mgongo wa samaki (mmoja).

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena. Jana Baba Kaveto aliniita Ovitoto ghafla. Nikakuta magari uani. Kumbe kuna kijana wa Windhoek, anauza simu, amekuja na wazee wake kumposa mdogo wangu Vemuna. Viatu vyake vinang'aa, maneno yake matamu, amewataja ng'ombe wake wote bila kukosea, na wazee wetu wameridhika kabisa. Kwa kuwa baba yetu alishafariki, neno la mwisho likaachiwa kaka mtu, yaani mimi.

Nilikusudia kusema tumekubali. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu inasema: "Ng'ombe tunao. Aende Henties alete kabeljou. Wa kuvua mwenyewe, miguu yake ikiwa mchangani." Baba Kaveto ndiye aliyeunga mkono haraka kuliko wote. "Na awe mkubwa," alisema.

Sijui nikueleze vipi, Mzee wangu. Nilimtazama yule kijana nikaona simjui. Sijui anakuwaje siku nzima ikipita bila kitu. Sijui atawaambia nini watu watakaomlia chambo chake. Sijui samaki akipungua kidole, na hakuna anayetazama, mkono wake utakwenda wapi. Na Vemuna ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Nilitaka kupata mahali pa kukaa kwa mbali na darubini.

Kwa hiyo nakuomba, ukishaisoma barua hii, uihesabu kwamba haikufika. Ningeichana, lakini Elfriede amesema nikiichana atakusimulia yeye mwenyewe, na yeye husimulia vibaya zaidi. Yule kijana hakubisha. Alisimama, akanisogelea, akaniuliza kwa adabu kabisa mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Sawa, shemeji. Na wewe wa kwako ulishampeleka?"

Jumamosi nakuja.